Kumtania Mgonjwa Mpaka Mkono Uruke

Wanangu mnaosomea uuguzi, juzi nililetwa darasani kwenu, nikakalishwa mbele kama bibi harusi, nikaonyeshwa mashine. Mnambandika mtu vibati kwenye ngozi, mnabonyeza, na mstari unapanda na kushuka kwenye kioo. Mkaniambia mstari huo ndio habari inayopita kwenye neva. Niliipenda. Niliuliza swali moja tu: je, umeme ukikatika? Mlicheka sana. Mimi nilikuwa nauliza kweli, na kwa kuwa hakuna aliyenijibu, nimeamua kuwaandikia jinsi sisi tulivyokuwa tunafanya.

Mimi ni Zuhura, mzaliwa wa Quiterajo, pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Baba yangu alikuwa Mmwani, mama yangu Mmakua. Kazi niliianzia vitani, kwenye hospitali ya wapigania uhuru iliyokuwa porini, kati ya Diaca na pwani. Nikisema hospitali msifikirie kuta. Vilikuwa vibanda vya nyasi vilivyofichwa chini ya miti mikubwa ili ndege za Wareno zisituone, na vitanda vya fito ambavyo mgonjwa akijigeuza vilipiga kelele kumzidi. Aliyenifundisha kazi ni enfermeiro, yaani muuguzi, Tobiasi, mtu mzima, mwembamba, aliyewahi kufunga vidonda kwenye zahanati ya shamba la mkonge kabla ya kukimbilia Tanganyika. Huko alisomeshwa, akarudi na mfuko wa dawa na maneno mengi.

Somo la kwanza alinipa jikoni. Aliniita kwenye mafiga, akaniambia niguse chungu. Nikagusa, nikarudisha mkono, nikasema, "Uwi!"

"Kipi kimetangulia," akauliza, "mkono au uwi?"

"Mkono."

"Basi nani aliyeuamuru mkono, kama wewe mwenyewe ulikuwa hujajua bado kwamba umeungua?"

Nilimwona kama mtu asiye na kazi. Lakini swali lile liliniganda kichwani, na alipoona limeniganda akanieleza. Ndani ya ngozi kuna vipokezi, vidogo mno hata macho hayavioni, na kila kimoja kina kazi yake. Kimoja hupokea joto, kingine baridi, kingine mguso mwepesi, kingine kukandamizwa, na vingine hungoja madhara tu, kama moto na mwiba. Kipokezi kikishtuliwa, habari hukimbia kwenye neva mpaka ndani ya uti wa mgongo. Jambo la dharura huamuliwa pale pale, amri inarudi kwenye misuli, na mkono unatoka motoni. Kichwa hupewa taarifa baadaye. Ni kama mwenyekiti wa mtaa anayeachanisha ugomvi kwanza, halafu ndiyo anapeleka habari wilayani. Kwa Kireno jambo hilo huitwa reflexo. Sisi kambini tuliliita mruko, na mpaka leo naliita hivyo.

Vyombo vyetu vya kupimia vilikuwa vitano au sita, vyote vikiingia kwenye kopo moja. Unyoya wa kanga kwa ajili ya mguso mwepesi. Mwiba wa mgunga kwa maumivu, na kila mgonjwa wake, maana mwiba haukosekani porini. Vichupa viwili, kimoja cha maji ya moto na kimoja cha maji ya mtungini. Nyundo ya miruko ilikuwa kipande cha tairi kilichobaki kwenye kutengenezea makubadhi ya wapiganaji, kimefungwa kwenye kijiti. Nimetumia nyundo za kiwandani baadaye, za chuma na mpira mwekundu, na sikuona zilichoizidi ile.

Chombo ni rahisi, kazi iko kwenye kumsoma mtu. Tulikuwa na mpishi, mama mmoja wa Mocímboa aliyeitwa Zainabo, ambaye alikuwa anachukua kaa la moto kwa vidole, analihamisha, anaendelea na hadithi yake. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alimwona, akaja mbio kumwambia enfermeiro kwamba mpishi ana ukoma, ngozi yake imekufa. Tobiasi akamchukua mpaka jikoni, akamfumba Zainabo macho kwa kitambaa, akampitishia unyoya mgongoni mwa kiganja. Zainabo akasema, "Nani huyo anayenitekenya? Nitamwagia mtu mchuzi!" Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu tu, na kaa alilishika kwa muda mfupi aliouzoea. Vipokezi vyake vilikuwa hai chini ya ngozi nene. Kwa wiki nzima yule mwanafunzi alipewa ukoko.

Na yuko bibi mmoja wa Diaca aliyekuja na maumivu ya kiuno. Enfermeiro alichuchumaa mbele yake, akamgonga chini ya goti. Mguu ukaruka ukampata kidevuni, akakaa chini kwenye vumbi. Yule bibi aliona aibu ya kutisha. Alipiga magoti, akaomba radhi kwa Kimakonde na kwa Kiswahili, akaapa kwamba maishani mwake hajawahi kumpiga mwanamume isipokuwa mume wake. Alipopimwa mara ya pili aliukaza mguu kwa mikono yote miwili, na mruko haukuja kabisa. Tobiasi akaniambia, "Umeona? Mtu akijikaza anauzima mruko. Mwenye neva nzima anaonekana kama mwenye neva mbovu." Lishikeni hilo, kwa sababu bila hilo hamtaelewa habari ya Laurenti.

Laurenti alikuwa kijana wa mlimani, Mmakonde, kazi yake ya kwao ni kurina asali. Vitani alipewa kazi ya kubeba. Risasi zilitoka ng'ambo ya Ruvuma kwa mabega ya watu. Wanawake walibeba kichwani, juu ya kata, kama walivyobeba maji tangu utoto. Wanaume waliona kata ni ya kike, hivyo masanduku waliyafunga mgongoni kwa kamba za magome, kamba ikapita juu ya bega. Walitembea hivyo siku nyingi, wakilala kidogo na kula walichopata. Wachache wao walianza kusema kwamba mkono umekufa. Haukuwa na jeraha wala uvimbe, ila ulining'inia, na mwenyewe hawezi kuunyanyua kufika mdomoni.

Kamanda wa njia ile aliitwa Alberto, mtu wa kusini, wa mbali na kwetu, Kiswahili alikijulia vitani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wapiganaji waliokuwa wakingoja risasi, na risasi zilikuwa zikingoja mabega. Alipoona mikono isiyo na jeraha inaning'inia alijua jambo moja tu, nalo ni uvivu. Waliotangulia kusema mkono umekufa aliwarudisha kwenye mizigo, wakabeba chini ya ulinzi.

Laurenti hakurudishwa moja kwa moja, kwa sababu siku hiyo kamanda alikuwa anapita karibu nasi. Alimleta asubuhi, na mlinzi nyuma yake.

"Enfermeiro," akasema, "huyu anasema mkono wa kulia haufanyi kazi. Nataka kujua ni kweli au si kweli. Pronto. Kama ni uongo, anarudi kwenye mzigo leo hii."

Tobiasi akalitazama bega la Laurenti. Kamba ilikuwa imeacha alama nyeusi pale shingo inapokutana na bega. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Neva zote za mkono zinapita chini ya kamba ile. Zikipumzishwa, zinaweza kupona. Akirudishwa kwenye mzigo, mkono huu ndiyo basi tena."

Basi mjue kilichokuwa mezani: mkono wa kulia wa kijana anayeishi kwa kupanda miti, na ni sisi wawili wa kuusemea, tukiwa na kopo la miiba.

Tukamkalisha kwenye kigoda, tukamfumba macho. Enfermeiro akamchoma mwiba begani, upande mbovu. "Unasikia maumivu?"

"Hapana."

Akashuka mpaka chini ya kiwiko, upande wa kidole gumba. "Hapa?"

"Hapana."

Akahamia mkono mzima wa kushoto, akachoma kwa nguvu zaidi, tone la damu likatoka. "Na hapa?"

"Hapana," akasema Laurenti, uso umetulia kabisa.

Kamanda akapiga kofi paja lake. "Mnaona? Hata mzima anasema hasikii. Epá, huyu anatuchezea!"

Hapa lazima niwaeleze, nyie mnaotahiriwa hospitalini na kupewa soda. Laurenti alikuwa ametoka jandoni, jando la zamani, ambako kijana anafundishwa kwamba maumivu hayaonyeshwi. Kukunja uso ni aibu yake na ya ukoo wake. Na kijana huyo tulikuwa tunamuuliza, mbele ya kamanda wake na mbele ya mwanamke, kama mwiba unamuuma. Angejibu nini? Kwa upande mmoja alisema kweli, kwa upande mwingine alisema adabu, na yote mawili yalitoka mdomoni kwa neno moja. Mwiba haukuwa na faida tena.

Enfermeiro akageukia miruko. Nisikilizeni vizuri, maana kiwiko wengi wenu mnakigonga kama mnagonga mlango. Mkono wa mgonjwa unaulaza juu ya mkono wako wewe, ubebwe, usijibebe. Dole gumba lako unaliweka juu ya ile kano ngumu iliyo kwenye mkunjo wa kiwiko, halafu unagonga dole gumba lako mwenyewe. Ndani ya msuli kuna vipokezi vinavyosikia kuvutwa, na kano ikigongwa msuli unavutwa kidogo, habari inakwenda shingoni na kurudi, msuli unajikunja. Hata kama jicho halioni kitu, dole gumba linasikia kano ikiruka chini yake.

Akagonga kulia. Hakuna. Akagonga kushoto, kwenye mkono mzima. Hakuna pia. Nilishika msuli wa Laurenti nikaukuta mgumu kama mchi. Alijikaza tangu kisigino hadi utosi, kwa sababu hivyo ndivyo alivyofundishwa kukaa akiwa mbele ya kisu.

"Legeza mkono, mwanangu," Tobiasi akamwambia.

"Nimelegeza, baba," akajibu, na meno yameumana.

Kamanda akasimama, akavaa kofia. "Mikono yote miwili ni sawasawa. Nimeshaona. Mlinzi, twende naye."

Nilimtazama Tobiasi, naye alikuwa ananitazama mimi. "Zuhura," akasema, "mama yako si Mmakua?"

"Ni Mmakua."

"Basi huyu si mtani wako? Umemwacha amekaa hapo kama maiti, na wewe umefunga mdomo? Kamanda, tupe dakika chache."

Wamakonde na Wamakua ni watani tangu mababu. Mtani anaweza kukuambia lolote, hata msibani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Unachotakiwa ni kujibu. Kunyamaza mbele ya mtani ni aibu kuliko kulia mbele ya kisu. Nikamvua Laurenti kitambaa cha macho, nikajishika kiuno.

"Wewe Mmakonde," nikasema, "kumbe ndiyo wewe unayejidai mgonjwa? Kufa basi upesi, mimi nije nilale kaburini kwako, nisitoke mpaka mama yako anipe kuku. Mnene. Wale wa kwenu wanaokonda kwa kufukuza panya siwataki."

Akanitazama. Kidevu kikamcheza kidogo.

"Mtani," nikaendelea, "nasikia kwenu panya akitoroka mtego mnakaa matanga, lakini mkwe akifa mnauliza kama chakula kimebaki."

"Mmakua wewe!" Laurenti akalipuka. "Nyie si ndio mnaoficha sufuria mgeni akipiga hodi? Mjomba wangu alikwenda kwenu akakuta mtu amekalia ugali! Ameukalia, mama! Umemuunguza, na hainuki!"

Mlinzi akacheka. Laurenti naye akacheka, mabega yakashuka, na Tobiasi, aliyekuwa ameukumbatia mkono wa kushoto wa kijana kwa upole muda wote huo, akagonga. Mkono ukaruka, ukapiga kopo la miiba, miiba ikamwagika chini. Laurenti mwenyewe alishangaa kwa kuwa alikuwa katikati ya sentensi.

"Endelea, usimwache," enfermeiro akanihimiza, akahamia kulia.

"Aliyekalia ugali ni babu yangu," nikasema, "na alikuwa anaupasha moto kwa ajili ya mjomba wako, asiye na shukrani!"

Laurenti akacheka mpaka machozi. Tobiasi akagonga kulia, akagonga tena, na tena. Kicheko kiliutikisa mwili mzima, mkono ule ukining'inia tu. Akaniashiria niweke dole gumba langu. Nikaweka, akagonga, na chini ya dole langu hapakuwa na kitu chochote.

"Kamanda," Tobiasi akasema, "njoo uweke dole lako."

Kamanda akaja, akaweka, kulia kisha kushoto, akausikia wa kushoto ukiruka. "Hawezi kuuzuia mmoja na kuuachia mwingine?"

"Mtu anayecheka hivi? Hawezi. Hata mimi siwezi, hata wewe. Neva imepondwa na kamba. Huyu hana uongo."

Kamanda akamwambia mlinzi aende zake. Laurenti akabaki hospitalini. Nitawaambia yake yote sasa, msije mkaniuliza barabarani. Alikaa nasi msimu mzima wa mvua, akimsaidia Zainabo kwa mkono wa kushoto na kula kuliko kusaidia. Kila baada ya siku kadhaa nilimtukana na kumgonga. Siku moja dole gumba langu likasikia kitu kama kunde inayogeuka ndani ya ganda. Nilifurahi mpaka nikasahau tusi nililokuwa nalitoa. Baadaye kiwiko kikaanza kukunjika, halafu bega likafuata. Alirudi kwenye asali yake baada ya vita, na aliniletea mara moja, ikiwa na nyuki wafu ndani, makusudi.

Nyie mtaniambia sasa kuna mashine na utani hauhitajiki. Sawa. Lakini nimeona wanafunzi wenu wakimgonga mgonjwa aliyejikunja kwa woga, mashine inawapa mstari mbaya, nao wanauandika. Mwambieni mtu jambo. Muulizeni habari za shamba, za timu ya mpira, za mkwewe. Mwili wa mtu unaotazamwa hausemi kweli upesi.

Sijamaliza habari ya siku ile. Tobiasi aliondoka na Laurenti kumwonyesha pa kulala. Nilibaki kwenye kibanda nikiokota miiba, nikidhani niko peke yangu. Nilipoinua kichwa nilimwona kamanda Alberto amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amepandisha mkono wa kushoto wa shati hadi juu ya kiwiko.

"Kamarada Zuhura," akasema, "mwanzoni mwa vita na mimi nilibeba. Masanduku yale yale. Tangu wakati ule mkono huu..." Akauinua kwa mkono wa kulia, akauacha uanguke. "Walioniongoza waliniambia vumilia, nikavumilia. Nikafikiri kila mtu anaweza."

Nikachukua nyundo ya tairi. Nikaulaza mkono wake juu ya wangu, nikagonga. Hakuna. Nikampandisha shati mkono wa kulia pia, nikaujaribu, nao kimya, mgumu kama wa Laurenti.

"Umejikaza, kamanda. Siwezi kujua."

"Basi nitukane na mimi."

Nilijaribu. Nilimwambia watu wa kusini hawajui kupika samaki, na kwamba kofia yake ingefaa kuatamiwa na kuku. Lakini hatukuwa na utani, yeye na mimi. Hakujua anijibu nini, na mimi niliona aibu kumtukana mtu mkubwa. Huko nje Laurenti alikuwa anamsimulia Zainabo habari ya ugali, na wagonjwa wanacheka vitandani. Kamanda alikuwa anasikiliza. Machozi yakaanza kumtoka, bila sauti, uso haukubadilika, na mkono wake ukawa mzito juu ya mkono wangu. Nilimwonea huruma, lakini kazi ni kazi. Nikagonga.

Wa kulia uliruka. Wa kushoto nilirudia mpaka dole gumba likaniuma, bila kusikia kitu.

"Mkono huu unaweza kupona?" akauliza.

"Wa Laurenti ni wa juzi. Huu wa miaka, sijui."

Akaanza kuteremsha mikono ya shati. Kishikizo cha kushoto alikifunga. Cha kulia kilikuwa kazi ya mkono wa kushoto, na mkono huo haukufika. Alijaribu kuuinua kwa kuusukuma na goti.

"Wale niliowarudisha," akasema, "nao niliwaita waongo."

Nikamshika mkono, nikamfunga kishikizo.